Hodi na Nadharia za Wizi

Mdogo wangu alizaliwa ameshika pete ya mkunga. Anayebisha na abishe. Mimi nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya mlango nachungulia mambo yasiyonihusu, tabia ambayo sijaiacha mpaka leo na sina mpango. Mkunga alimaliza kazi, akanawa, akatazama kidole chake: kitupu. Wakapekua beseni, wakakung'uta mashuka. Mkunga akaanza kumtazama bibi yetu kwa jicho la pembeni, na bibi, ambaye hakuwa mtu wa kutazamwa hivyo, akamjibu kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa kwa sababu wajukuu zangu watayasoma, na watayapenda. Mpaka mtoto alipofumbua ngumi ili anyonye, pete hiyo hapo. Mkunga akaitwaa. Mtoto hakulia alipotoka tumboni. Alilia hapo.

Jina alilopewa siku hiyo halina anayelikumbuka. Sisi humwita Hodi, kwa sababu haipigi. Ama tuseme huipiga, lakini akiwa ameshakaa mezani kwako, kijiko mkononi, anauliza chumvi iko wapi.

Kwa kazi ni fundi bomba, na naapa hakuna fundi bomba mwingine chini ya jua ambaye hana hata spana. Za nini? Spana anazo fundi wa magari, wa pale mbele ya jengo. Ngazi anayo mpaka rangi wa ghorofa ya kwanza. Ndoo ninayo mimi, au nilikuwa nayo. Bomba likipasuka, Hodi hupita milangoni anaokota huku na huku, na akifika penye kazi anakuwa na vifaa kuliko karakana. Akimaliza hurudisha. Harudishi alikotoa, hurudisha palipo karibu. Basi spana unaikuta jikoni kwa mshona nguo, naye mshona nguo anapondea vitunguu saumu, na fundi wa magari akiihitaji anajua aulize wapi, na akifika anapewa chai.

Ndivyo lilivyo jengo letu zima, si yeye peke yake. Vitu vinatembea. Mimi sufuria yangu kubwa sijaitia machoni tangu mjukuu wangu wa kwanza aanze kusimama dede, lakini najua ni nzima. Salamu zake hunifikia.

Hodi alioa mara moja. Mkewe alikuwa mwanamke mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: alitaka akiweka kijiko mahali leo, kesho akikute hapohapo. Kwa Hodi hilo haliwezekani. Alivumilia, akachoka, akaenda kuolewa na mpaka rangi, orofa moja juu. Ijumaa Hodi hula kwao. Ukimuuliza mpaka rangi kama hana kinyongo, hukwambia kinyongo cha nini, na yeye mke kamchukua bila kuomba.

Malipo ya Hodi ni chumba. Chumba chenyewe kiko chini ya ngazi, ukiingia unainama kama unayetubu, na ukutani pampu ya maji inanguruma upande wa pili. Humo amezeekea. Juu ya kitanda kuna ubao wenye misumari, na kwenye misumari zimeninginia funguo za akiba za jengo zima. Mtoto akijifungia chooni, Hodi. Mfereji ukiachwa wazi na mwenyewe kasafiri, Hodi. Hakuna nyumba humu asiyoijua mpaka chini ya kitanda.

Basi akaja Mtafiti. Kijana mrefu, mpole, kasoma mpaka macho yakaomba msaada wa miwani. Alitoka mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina mkunjo hata mmoja. Alikodi chumba kitupu cha ghorofa ya tatu akasema amekuja kuchunguza uhalifu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uhalifu upi? Tutauleta kama umepungua."

Akanieleza kwamba huko alikosomea wenye akili wametunga nadharia za kwa nini watu wanaiba, na nadharia zimepimwa kwenye miji mikubwa yenye taa nyingi. Sasa anataka kuona kama huku nazo zitasimama kwa miguu yao. Nikamwambia azilete tu, huku hata viti vyetu havisimami vyote.

Akaanza kuzunguka mlango kwa mlango na kifaa chake cha kubonyeza. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Ndani ya mwaka huu, je, kuna kitu chochote kilichochukuliwa nyumbani kwako bila ruhusa yako?"

Mungu atusamehe, tulifurahi! Nani amewahi kutuuliza habari zetu kwa adabu namna ile? Mshona nguo alimwambia, "Mwaka? Baba, uliza wiki!" akaanza kutaja: mkasi, jiko, mwavuli, mkasi tena. Fundi wa magari naye hakukubali kushindwa na mwanamke, akataja mpaka tairi. Mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa bado hajachukuliwa kitu, aliona haya, akadanganya kwamba alichukuliwa redio. Angesemaje? Kwamba hana chochote cha kutamanika? Na kila Mtafiti alipouliza, "Unamfahamu aliyechukua?" wote wakajibu kwa mdomo mmoja na meno yote nje: "Hodi, nani mwingine?"

Mimi alinijia mara nyingi, maana nina maneno na chai yangu ina tangawizi. Siku moja akaniambia kwamba zamani walikuwepo mabwana walioamini mwizi huzaliwa mwizi, na unaweza kumtambua kwa taya nene na masikio yaliyosimama.

"Kumbe," nikasema. "Ungemwona marehemu baba yetu. Kwa masikio yale angefungwa tangu kwenye nepi."

"Nadharia hiyo imeachwa, Bibi."

"Imeachwa wapi? Isije ikaokotwa na watu wetu wa humu."

Akacheka, mtoto mzuri. Akaendelea na nyingine: kwamba wizi unataka vitu vitatu vikutane, mtu mwenye hamu, kitu kilichoachwa wazi, na mlinzi asiyekuwepo. Akauliza kama hatujawahi kupata mwizi wa kweli, wa kutoka nje. Nikamwambia tuliwahi, mchana kweupe.

Alikuja mtu kavaa ovaroli, akaingia kwa mshona nguo, mlango wazi, mwenyewe yuko juu anaanika. Akabeba televisheni. Kwenye ngazi alikutana na watu, wakamwambia pole kwa mzigo, wakashika pembe wakamsaidia kushusha. Nani amzuie? Mtu kabeba televisheni ya mwenzie, si kaazima? Akafika getini, jasho linamtiririka kwa furaha. Getini yuko Hodi. "Ahaa," Hodi akasema, "hiyo naichukua mimi, leo kuna mpira," akaipokea kichwani kwake huyo akaenda zake. Mwizi wa watu akabaki kasimama, mikono bado imekaa mkao wa kubeba. Hodi akamwonea huruma, akageuka: "Na wewe njoo utazame, unasimama hapo kama nguzo kwa nini?" Akaja. Akakaa, akashangilia timu iliyofungwa. Wiki iliyofuata alirudi na karanga. Nasikia siku hizi analinda benki.

"Lakini, Bibi," Mtafiti akasema, na hapo simlaumu, "hadithi hiyo inaonyesha kwamba kuiba hapa ni rahisi mno. Mlinzi hakuwepo."

"Walinzi walikuwa tele, wote wamebeba. Kuiba ni rahisi, mjukuu wangu. Kuondoka nacho ndiyo shida."

Akabonyeza, akabonyeza. Kisha akavua miwani, akaniambia kinachomkosesha usingizi. Nadharia inasema wizi ukizidi, hofu huzidi. Jengo letu, kwa hesabu zake, limepita miji yote aliyowahi kuichunguza, ile yenye bastola ikiwemo. Lakini hofu hakuna. Watu wanacheka.

"Kwa hiyo?"

"Nadhani wanacheka kwa sababu wanaogopa, Bibi. Kuna mtu mmoja, ana funguo zote, anaingia atakako, na hakuna anayethubutu kumshtaki. Kitaalamu tungesema ametawala jengo."

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kuhama. Mtafiti akanitazama kwa huruma, akaandika.

Laiti ningejizuia.

Jengo letu lina Mwenyekiti, bwana aliyechaguliwa siku ambayo sote tulikuwa na shughuli nyingine. Ana shemeji kinyozi, na shemeji huyo alikuwa akikitolea macho chumba cha chini ya ngazi, kwa kuwa ukivunja ukuta kidogo kinatazama barabarani. Mtafiti alipomaliza kazi aliona ni adabu kutusomea alichokipata, kabla hajakipeleka kwao. Tukakusanyika uani Jumatano alasiri. Akasoma vizuri, mara asilimia, mara wastani. Hakutaja jina. Alisema tu "mtu mmoja mwenye funguo zote," na hata paka aligeuka kumtazama Hodi.

Mwenyekiti akainuka kama unga uliotiwa hamira.

"Mmesikia wenyewe! Sayansi imesema. Tunaishi na jambazi chini ya ngazi. Jumapili funguo zirudi kwenye kamati na chumba kiwe wazi. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kugusa hata sindano ya mtu, atajitolea kuzitunza."

"Mimi sikupendekeza kumfukuza mtu," Mtafiti akasema. Nani wa kumsikiliza? Alishasema asilimia.

Na sisi, midomo mirefu, tukanyamaza. Tungekataa nini? Yote tuliyasema wenyewe, kwa vinywa vyetu, tena kwa kujigamba. Mshona nguo alijitazama kucha. Fundi wa magari akakumbuka gari. Mimi nilifungua mdomo, nikaona hakuna kilichomo, nikaufunga.

Jioni ile niko jikoni, nikasikia mlango unagongwa.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mdogo wako, Dada. Naweza kuingia?"

Nikamfungulia. Akaingia taratibu, akasimama. Akaomba maji. Aliomba! Nikampa, akanywa amesimama vilevile kama mtu wa kusoma mita.

"Kaa ule."

"Sijakaribishwa."

"Toka lini?"

Hakucheka. Akaniuliza, "Dada, kwani mimi ni mwizi?"

"Tangu dakika ya kwanza. Kaa ule."

"Nauliza kweli."

Akazungusha kikombe mkononi. "Nikitoka pale ninaenda wapi? Hapa kwako nyinyi wenyewe mnalala kama njiti kwenye kiberiti. Nimezeeka mimi. Nikisikia pampu imenyamaza tu, naamka. Nikalale wapi pasipo na pampu?" Akaosha kikombe, akakirudisha mahali nilipokitoa, hapohapo hasa, akaondoka. Sikupenda hata kidogo.

Nikapanda mpaka ghorofa ya tatu, goti langu linanitukana kila ngazi. Mtafiti alinifungulia akiwa pekupeku, uso umemwiva.

"Mjukuu wangu, umemchoma mdogo wangu kisu, tena kisu chenyewe tumekunolea sisi."

"Sikukusudia, Bibi. Nimekwenda kwa Mwenyekiti mara mbili. Hanisikii. Ananisomea ripoti yangu mwenyewe." Akakaa kitandani. "Lakini walisema, Bibi. Vitu vinachukuliwa bila ruhusa."

"Ndiyo vinachukuliwa bila ruhusa. Ruhusa ni ya wageni."

"Swali nililitoa kule nilivyolikuta," akasema. "Nilibadilisha lugha tu." Akawa anatazama ukutani. Wala mimi sikuwa na dawa. Tulikaa tu, wawili wajinga, mmoja kasoma.

Jumapili asubuhi uani palijaa. Hodi alikuwa ameshatoa ule ubao wa funguo, ameuegemeza ukutani nje, yeye yuko ndani anafunga vitu vyake. Mwenyekiti akauchukua kwa mikono miwili, akamkabidhi shemeji yake kama anayemkabidhi kombe. Shemeji, kichwa kinang'aa kwa mafuta, akatoa hotuba fupi: kwamba yeye ni mtu safi, haingii kwa mtu, haombi, haazimi.

Mshona nguo akasogea. "Umewahi kuingia kwangu wewe?"

"Hata siku moja, mama."

"Ukala kwangu?"

"Astaghafiru, sijawahi."

"Ukachukua hata uzi?"

"Mama, mimi? Kamwe!"

"Basi sikujui," mshona nguo akasema. "Nikupe ufunguo wa nyumba yangu wewe nani?" Akautoa ufunguo wake msumarini, akautia kifuani.

Palepale mikono ikaingia kutoka kila upande. Fundi wa magari akachukua wake, mpaka rangi wake, mpangaji mpya wake. Misumari ikabaki mitupu. Shemeji akawa ameshika ubao kama mtu anayeuza picha isiyochorwa. Kisha seremala, mtu asiyesema neno kwa mwaka, akaja akauvuta taratibu. "Na ubao ni wangu," akasema.

Watu wakacheka, lakini Mwenyekiti hakutetereka. "Chukueni funguo zenu! Kila mtu na wake, vizuri, ndio ustaarabu. Chumba lakini kinaachwa leo." Na kweli, funguo au hakuna funguo, mlango wa chini ya ngazi ukafunguka, Hodi akatoka ameinama, sanduku mkononi. Hakutazama mtu.

Tukampisha. Alikuwa keshafika katikati ya uwanja, na naapa angetoka, angepotea hivihivi tukimtazama, kama si mpaka rangi kukunja uso.

"We! Sanduku langu hilo linakwenda wapi?"

"Nahama," Hodi akasema.

"Hama. Sanduku libaki."

Nadhani mwanzo alisema kwa uchungu wa sanduku tu; ni mtu wa namna hiyo. Hodi hakubishana. Akapiga goti, akalifungua, akamwaga nguo chini, akatandika shuka azifunge bunda.

Mshona nguo akamtazama mpaka rangi. Akanitazama mimi. Kisha akashika kiuno. "Na shuka hilo si langu? Halivuki geti."

"Blanketi langu," akasema mke wa mpaka rangi, aliyekuwa wa Hodi. "Nimelitafuta tangu tuachane."

"Hiyo soksi moja ni yangu," fundi wa magari akadakia. "Ya pili sijui."

"Ya pili yangu," akasema seremala.

Basi ikawa kelele. Kila Hodi alichoinua kilipata mwenyewe. Kikombe, kioo, mto, kamba ya kufungia vyote hivyo. Mswaki tu ndio uliokosa wa kuudai, na hata huo niliona mpangaji mpya anautafakari. Hodi akabaki katikati ya uwanja anageuka huku na huku, mikono mitupu, mdomo wazi.

"Na aende na nguo alizovaa!" Mwenyekiti akafoka.

"Suruali hiyo ni ya marehemu mume wangu," nikasema. "Haijawahi kutoka ukoo."

"Hamna haya!" Mwenyekiti akapiga kelele. "Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako!"

"Basi yaache yasitirike humu humu," nikamjibu. "Nje watu watayaonaje?"

Mshona nguo akamsogelea Mwenyekiti, sauti ya asali. "Mwenyekiti. Na shati alilovaa. Lile la bluu. Si lako lile?"

Mwenyekiti akatazama. Lilikuwa lake, lilikuwa na kifungo kimoja cha rangi nyingine, alichokishona mkewe. Niliona anavyolitaka. Asipolidai, linatoka getini na mwili ndani yake. Akilidai, amejiunga na sisi. Mtu na shati lake, jamani, ni kitu kigumu.

"Shati libaki," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Hodi akaanza kufungua vifungo, nikamzuia: "Nani kakwambia uvue? Vaa. Getini tu usivuke nalo."

"Sasa nitahamaje?" akauliza, kwa sauti ya mtoto.

"Hilo ni lako, sisi hatumo," fundi wa magari akasema.

Shemeji akamnong'oneza Mwenyekiti kitu, Mwenyekiti akamwambia anyamaze. Lakini Hodi mwenyewe alikuwa amebanwa na fahari yake. Angetoka na suruali ya marehemu na shati la adui, akatuonyesha kwamba hata yeye ana moyo. Akapiga hatua kuelekea getini. Ya pili.

"Viatu," akasema mtu.

Tukageuka. Mtafiti alikuwa kasimama kwenye ngazi, pekupeku, miwani imeteleza puani, mwekundu hadi masikioni.

"Viatu hivyo," akasema. "Vya ngozi. Nadhani... Hapana, sidhani. Ni vyangu. Nimevitafuta wiki nzima."

Hodi akaitazama miguu yake. Akamtazama kijana. "Ulikuwa umeviacha mlangoni."

"Nje ya mlango," Mtafiti akasema.

"Nje, ndiyo. Nikajua huvitaki sana." Akainama avivue.

"Hapana, usivue." Kijana akatafuta Kiswahili chake chote kilichopigwa pasi, akakikosa. "Vaa tu. Humu ndani vaa. Ila getini, mzee, getini huvuki navyo."

Hodi akageuka na kwenda kuketi kwenye ngazi, kando ya mlango wa chumba chake, akanyoosha miguu. Mshona nguo akapita mbele yake na kikapu, akatoa ufunguo kifuani, akamtupia mapajani. "Shika. Naenda sokoni, na sufuria iko motoni, ichungulie."

Hodi akautia mfukoni, kwenye mfuko wa marehemu. Akachezesha vidole ndani ya viatu, akamwinulia Mtafiti uso wenye lawama.

"Mjukuu wangu," akasema, "vinabana huku mbele."